Rimoti Mpya kwa Kamioneti Kuukuu: Je, Ile ya Zamani Imefutwa?

Katika wilaya yetu ya Rubavu, kamioneti ni mguu wa biashara. Ndiyo ibebayo viazi kutoka Busasamana na Mudende hadi soko la Gisenyi, na ndiyo ishushayo mizigo karibu na Petite Barrière, ambako wachuuzi huipokea na kuvuka nayo kwa miguu kuelekea Goma. Nyingi kati ya kamioneti hizo ni za umri mkubwa. Zilitumika kwanza ng'ambo, zikafika kwetu, kisha zikapita katika mikono ya wamiliki wawili au watatu.

Rimoti ya gari la namna hiyo inapopotea au kuharibika, mwenyewe hujiuliza swali moja: nitapata wapi nyingine? Sisi tunamwomba aongeze swali la pili, ambalo ni zito zaidi: je, ile ya zamani bado inalifungua gari langu? Makala haya yanaeleza jinsi rimoti mpya inavyotambulishwa kwa gari, na kwa nini kuiongeza mpya bila kuifuta iliyopotea ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo nje.

Vitu vitatu katika kitu kimoja

Watu wengi hudhani kwamba ufunguo wa gari ni kitu kimoja. Kwa kweli huweza kuwa vitu vitatu vinavyofanya kazi mbalimbali. Cha kwanza ni chuma chenye meno, ambacho huzungusha kitasa cha mlango na swichi ya kuwashia. Cha pili ni rimoti, inayotuma mawimbi ya redio ili kufunga na kufungua milango. Cha tatu ni chipu ndogo isiyohitaji betri, iliyofichwa katika kichwa cha ufunguo. Chipu hiyo huzungumza na kifaa kiitwacho imobilaiza, na isipotambuliwa injini haiwaki.

Si kila kamioneti ina vyote vitatu. Katika Umoja wa Ulaya imobilaiza ilikuwa sharti kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998, hivyo gari la kabla ya hapo huenda halina. Tofauti hii ina maana kubwa. Rimoti peke yake haiwashi injini, lakini inatosha kumfungulia mtu mlango akachukua mzigo, simu, au karatasi za gari zilizoachwa katika kisanduku cha mbele.

Kabla ya kununua

Kwanza badilisha betri. Rimoti nyingi hutumia betri ya duara ya volti 3, na nyingi zinazodhaniwa zimekufa zimeishiwa nguvu tu. Ikiwa ni lazima kununua nyingine, usitazame umbo peke yake. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama mapacha na zisisikilizane na gari moja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433.92, na yale ya Japani na Marekani hutumia megahezi 315. Fungua kasha, soma namba iliyoandikwa ndani, kisha uilinganishe na ile unayouziwa.

Jinsi gari linavyoijua rimoti

Gari lina kumbukumbu ndogo ambamo zimeandikwa rimoti linazozitii. Kutambulisha rimoti ni kuiandika humo. Katika magari mapya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta ya fundi inayochomekwa chini ya usukani. Katika magari mengi ya zamani, mwenye gari huweza kuifanya mwenyewe kwa kufuata kitabu cha gari, maadamu ana ufunguo unaowasha.

Tuchukue mifano miwili. Katika baadhi ya Toyota za miaka ya mwisho ya 1990, mwenye gari huingiza na kutoa ufunguo, hufungua na kufunga mlango kwa mpangilio maalumu, kisha huzungusha swichi mara kadhaa. Idadi ya mizunguko ndiyo amri. Mara moja ni kuongeza rimoti mpya na kuziacha za zamani. Mara mbili ni kufuta zote na kuandika upya. Mara tatu ni kuliomba gari liseme linatambua rimoti ngapi, nalo hujibu kwa kufunga na kufungua vitasa kwa idadi hiyo. Katika baadhi ya Ford zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, swichi huzungushwa mara nane ndani ya sekunde 10, vitasa hulia, kisha kila rimoti hubonyezwa moja baada ya nyingine. Ile isiyobonyezwa katika kikao hicho husahaulika.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Fundi mwenye haraka ataongeza rimoti mpya, ataijaribu mara moja, atapokea malipo na kwenda zake. Gari litafunguka, nawe utaridhika. Lakini aliyeiokota ile iliyopotea sokoni bado ni mgeni anayekaribishwa na gari lako. Kwa hiyo mwambie fundi waziwazi: futa zote, kisha andika hizi nilizo nazo mkononi. Nenda na rimoti zako zote, kwani iliyobaki nyumbani itafutwa pia.

Aliyenunua kamioneti kuukuu anahusika hata kama hajapoteza chochote. Hajui wamiliki waliomtangulia walibaki na rimoti ngapi. Siku ya kuhamisha umiliki katika Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, apange pia siku ya kuzifuta.

Chuma na chipu visisahauliwe

Kufuta rimoti hakubadilishi meno ya ufunguo. Ikiwa ufunguo mzima umepotea, hasa pamoja na kitu chenye jina lako au namba ya gari, badilisha vitasa, na chipu yake iondolewe katika kumbukumbu ya imobilaiza. Baadhi ya Toyota za zamani zina ufunguo mkuu, ambao bila huo chipu mpya haiandikwi kwa urahisi. Huo utunzwe nyumbani, usitembee nao.

Jueni pia kwamba mwenye ufunguo wako kwa dakika chache anaweza kuongeza rimoti yake bila wewe kujua. Unapoliacha gari kwenye kinamba likioshwa, au kwa dereva wa siku moja, mjue unayemkabidhi. Ukiwa na shaka, lihesabu upya.

Wajibu wa fundi na wa jirani

Tunawaomba mafundi wa funguo wadai kadi ya njano ya gari na kitambulisho kabla ya kuanza kazi, na waandike katika daftari namba ya gari na tarehe. Mwenye gari halali hataudhika, kwa kuwa swali hilo linamlinda yeye. Anayekasirika na kutaka kazi ifanyike gizani amekwisha kujieleza.

Hapa kwetu mpaka uko karibu. Gari lililoibwa likishavuka, kulirudisha kunahitaji polisi wa nchi mbili, nyaraka na subira. Ukipoteza ufunguo, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo, na umjulishe kiongozi wa mudugudu ili wanaofanya irondo walitazame gari lako usiku. Gari likiibwa, piga simu 112 bila kuchelewa. Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda hupatikana kwa namba 166.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye kamioneti na ahesabu rimoti alizo nazo mkononi, kisha ajiulize kama gari lake lina hesabu hiyo hiyo.