Gari Litiilo Amri

Mwanangu alituletea hapa Mbweni gari la kuchezea liitwalo Big Trak, lililotolewa na Milton Bradley wa Marekani mwaka 1979. Lina magurudumu sita, na mgongoni vitufe vya tarakimu. Mtoto huliamuru kwanza, amri zisizozidi 16, ndipo liende. Hatua moja ni urefu wa gari lenyewe. Kugeuka huhesabiwa kama dakika za saa, 15 ni robo ya mzunguko.

Mjukuu wangu alisahau kuligeuza mlangoni. Likagonga ukuta, naye akalipiga kofi.

“Babu, limefanya ulilosema.”

Nikawakumbuka wanafunzi niliowachapa kwa somo nililolieleza vibaya mimi. Yeye alikwisha lala chini, akipima sakafu kwa gari.