Folda Hazijapotea, Zimefichwa

Mwezi uliopita dada mmoja wa chuo aliniletea flashi yake huku machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameichomeka kwenye kompyuta ya steshenari ili aprinti tasnifu. Alipoifungua nyumbani, folda zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato. Shemeji yake alishamshauri aiformati. Nikamwomba asiiguse kwanza.

Niliangalia nafasi iliyotumika: zaidi ya GB 5. Mafaili yangekuwa yamefutwa, nafasi hiyo ingehesabiwa kuwa tupu. Basi kazi yake ilikuwa palepale.

Wengi hudhani dirisha la folda ni kabati la kioo, kwamba kilichomo lazima kionekane. Sivyo. Lile dirisha ni karani anayekusomea orodha, naye ameagizwa kuruka baadhi ya majina. Faili likipigwa alama ya kufichwa, pamoja na alama ya kuwa mali ya mfumo, Windows hulipita kimya. Virusi vya flashi huingilia hapo: hupiga folda halisi alama hizo, kisha huweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, umeviamsha kwa mkono wako.

Karani huyohuyo huficha pia mkia wa jina, zile herufi za baada ya nukta zinazosema faili ni la aina gani. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kutoka Ufilipino kikiwa ndani ya faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ule mkia wa vbs ulikuwa umefichwa. Watu wakaona TXT, wakadhani ni maandishi matupu, wakafungua programu.

Kwangu mimi, kuficha mikia ni kosa ambalo lingepaswa kurekebishwa zamani. Rekebisha mwenyewe leo. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bofya View, halafu Show, uweke tiki kwenye File name extensions na Hidden items. Kwenye Windows 10 visanduku hivyo vimo ndani ya View moja kwa moja. Ila mkia wa njia ya mkato, yaani lnk, hata hapo hauonekani. Utaitambua kwa mshale mdogo pembeni mwa ikoni, au kwa safu ya Type ukichagua mwonekano wa Details.

Flashi ya yule dada niliisafisha kwanza kwa antivirusi. Kisha nikafungua Command Prompt, nikaandika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Yako huenda ikawa F au G. Amri hiyo huvua alama zote za kuficha. Folda zikarudi, ya tasnifu ikiwamo, sura zote tano. Aliinakili kwenye simu yake kabla hata ya kuinuka kitini.