Gari la mkebe lina faida, ila chunga vidole vya mtoto

Huenda umewahi kufika nyumbani jioni ukamkuta mwanao ametawanya nyaya, mikebe na ndara kuukuu ukumbini, ukamkemea na kuvitupa vyote jaani. Kabla ya kufanya hivyo tena, mzazi, yafaa ujue mambo mawili. Kwanza, takataka hizo zinamjenga mtoto. Pili, usipokuwa mwangalifu, zinaweza kumletea maradhi ya kuua.

Mikono na akili

Huko Turkana, watoto wa Lodwar, Kakuma na Kerio, kituo kilicho upande wa mashariki wa Lodwar kuelekea Ziwa Turkana, hujiundia magari kwa vitu vilivyotupwa. Mkebe wa mafuta ya kupikia huwa bodi, waya mnene huwa ekseli, ndara hukatwa kuwa magurudumu, na kijiti kirefu huwa usukani. Watoto wa mijini ambao wazazi wao wana uwezo hufanya kazi iyo hiyo kwa matofali ya plastiki yanayopachikana, kama yale ambayo kampuni ya Lego ya Denmark iliyasajili kwa hataza mwaka wa 1958. Vifaa ni tofauti, lakini faida ni moja.

Faida kubwa haipatikani siku gari linapokamilika, bali siku zinazofuata. Gari likivuta upande mmoja, mtoto hulazimika kutafuta sababu. Aghalabu huwa ekseli imepinda, au tundu la gurudumu haliko katikati. Hulifungua, akapima, akarekebisha na kulijaribu upya. Likipinduka kwenye kona, hugundua kwamba bodi imeinuka mno, akaishusha au akayatenganisha zaidi magurudumu.

Kwa kufanya hivyo, misuli midogo ya vidole hupata nguvu za kushika kalamu na kufunga vifungo vya shati. Jicho na mkono hujifunza kushirikiana, naye huzoea kushindwa bila kukata tamaa. Kwa mtoto aliyekimbia vita, kama wengi waliopokewa Kakuma tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka wa 1992, mchezo humpa jambo moja analoweza kulitawala mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unautaja mchezo kuwa haki yake.

Hatari ya pepopunda

Hata hivyo, mkebe uliokatwa hupasua ngozi kama wembe. Wengi hudhani kutu ndiyo iletayo pepopunda. Sivyo. Viini vya ugonjwa huo hukaa katika udongo na mavi ya wanyama, kwa hivyo waya uliookotwa mahali wanapopita mbuzi, punda au ngamia waweza kuwa navyo hata kama unang'aa. Viini hivyo hustawi katika jeraha lenye kina lisilopata hewa.

Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21. Taya hukaza, mtoto hushindwa kumeza, kisha shingo na mgongo hukakamaa. Usizingoje. Wala usijitulize kwamba alichanjwa akiwa mchanga, kwani kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita.

Akijikata, osha jeraha kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha libane kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Usipake mafuta ya taa, majivu wala kinyesi cha mifugo. Mpeleke kwenye kituo cha afya siku iyo hiyo, ukiwa na kadi yake ya chanjo.

Kabla hajaanza

* Mtu mzima ndiye akate mkebe. Kingo zikunjwe kwa ndani kwa koleo, zigongwe kwa nyundo, kisha zisuguliwe kwa tupa au msasa.
* Ncha za waya zipindwe ziwe vitanzi ili zisimchome mtu jicho.
* Mikebe iliyokuwa na dawa ya wadudu au rangi isitumiwe kamwe, hata ikioshwa.
* Betri kuukuu zisipasuliwe. Betri ndogo za duara zifichwe, kwani moja ikimezwa yaweza kuunguza umio kwa muda wa saa 2 tu. Hilo likitokea, kimbia hospitali mara moja.
* Walio chini ya miaka 3 wasiachiwe vifuniko vya soda wala matofali madogo ya plastiki, maana huweza kuwakaba koo.

Ukishayatimiza hayo, mwachie mwanao mkebe ulioosha na pembe moja ya ua. Gari lake likivuta upande, usiharakishe kumtengenezea. Muulize tu anadhani ni kwa nini, kisha umpe nafasi atafute jibu.