Ubaridi Ulianza kwa Karatasi, Mtu Akafuata Nyuma

Katika nyumba nyingi za Usukuma mtungi wa maji huwekwa kivulini, nao hutoa jasho. Maji yanayopenya udongo wake hukauka kwa upepo, na yanapokauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Mashine kubwa zinazopoza migodi duniani zafuata kanuni iyo hiyo. Tofauti ni kwamba kimiminika chake hakipotei hewani: hugeuka mvuke ndani ya mabomba na kuchukua joto, kisha hukandamizwa na kupozwa hata kiwe kimiminika tena. Tumeona vema leo kueleza habari za mashine hizo na za watengenezaji wake, maana ndugu zetu wanaoteremka chini ya ardhi huko Bulyanhulu na Geita wana haki ya kujua zilibuniwa kwa ajili ya nani.

Hazikubuniwa kwa ajili ya mtu. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett-Wilhelms, mjini Brooklyn, Marekani, kilikuwa na taabu: karatasi ilitanuka na kunywea kwa unyevu wa kiangazi, hata rangi moja isiangukie mahali pa mwenzake. (Sisi wa magazeti twaijua adha hiyo, wala hatumcheki mtu.) Mhandisi kijana wa kampuni ya Buffalo Forge, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kupitisha hewa juu ya mabomba ya baridi hata unyevu ukapungua. Baada ya wachapaji wakaja wenye viwanda vya nguo, kwa kuwa uzi wa pamba hukatika hewa ikiwa kavu. Mwaka 1915 Carrier na wahandisi wenzake sita wakaanzisha kampuni yao wenyewe kwa mtaji wa dola 32,600, na mwaka 1922 wakaonyesha mashine mpya ya kupoza, yenye gurudumu la kasi, iliyoweza kuhudumia majumba makubwa kabisa. Kampuni hiyo ingali hai. Ilimezwa na kampuni nyingine mwaka 1979, ikawa huru tena mwaka 2020.

Sasa tuteremke mgodini. Kadiri mtu anavyochimba chini ndivyo mwamba unavyozidi kuwa moto. Huko Brazil, mgodi wa dhahabu wa Morro Velho ulifunga mtambo wa kupoza hewa mwaka 1920. Afrika ya Kusini mambo yalikawia. Katika miaka ya 1920 wachimbaji Waafrika walikufa kwa joto katika migodi ya Johannesburg. Maji yaliyonyunyizwa ili kutuliza vumbi linaloharibu mapafu yaliongeza unyevu, na penye unyevu mwingi jasho halikauki. Mtu huwa kama mtungi uliofungwa ndani ya mfuko. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1930 ndipo mgodi wa Robinson Deep, ambao kina chake kilipita futi 8,000, ulipopozwa kwa mashine za Carrier. Dhahabu ya chini ilikuwa haifikiki tena bila ya baridi.

Hata hivyo mashine ni ghali, na waliokuwa na migodi waligundua njia iliyo rahisi kuliko kuinunua. Walimzoeza mtu. Mfanyakazi mgeni alitiwa katika chumba cha joto na unyevu, akapanda na kushuka kibao kwa saa nyingi, siku kadhaa mfululizo, huku akipimwa joto la mwili, mpaka ajifunze kutoka jasho jingi na mapema. Ndipo akapelekwa chini. Miongoni mwa walioandikishwa kwenda migodi ile walikuwamo watu wa nyanda za juu za kusini mwa nchi yetu, waliokwenda kwa mkono wa Wenela, hata Serikali ya Tanganyika huru ilipoukatisha mpango huo. Hatusemi kwamba mazoezi hayo hayakuokoa maisha. Twasema kwamba mwili wa mtu ulifanywa kipande cha mtambo, kwa sababu ulikuwa bei nafuu.

Kwetu, mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza katika miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Leo Bulyanhulu, uliofunguliwa mwaka 2001, una kina cha zaidi ya mita 1,000, na Geita nako uchimbaji wa chini ya ardhi ulirudi katika miaka ya 2010. Kwa hiyo swali la joto si la Johannesburg peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wawepo wawakilishi wa usalama na afya kazini. Wawakilishi hao, pamoja na matawi ya vyama vya wafanyakazi, na waulize jambo moja lililo dogo: kipimajoto chenye utambi uliolowa, kile kinachoonyesha joto na unyevu kwa pamoja, kinasomwa saa ngapi, na hesabu yake hubandikwa wapi? Tungependa ibandikwe pale ambapo mchimbaji hupita kabla ya kuteremka, kwa Kiswahili.

Wapo pia wachimbaji wadogo, ambao ni wengi kuliko wa migodi mikubwa. Katika maduara yao hewa husukumwa kwa feni na mfuko mrefu wa nailoni, na jenereta ikizimika mfuko hunywea, nao wako chini. Kwao tunaomba kwanza jenereta ya pili.