Ngoja Ngoja au Haraka Haraka? Utafiti wa Tiba katika Chumba cha Dharura

Ukishuka kwa miguu barabara ya Muhima kutoka mjini kuelekea Nyabugogo, si ajabu ukalazimika kusimama kando ili gari la wagonjwa lipite likipiga king'ora. Kwa Kinyarwanda gari hilo huitwa imbangukiragutabara, jina lenye maana ya kitu kinachofanya haraka kwenda kuokoa. Wazee wetu walibeba wagonjwa mabegani katika ingobyi, milima na mabonde. Tangu mwaka 2007 nchi yetu ina huduma ya SAMU, ambayo huitwa kwa kupiga namba 912, na mwaka 2018 madaktari bingwa wa kwanza wa tiba ya dharura waliosomea hapa Rwanda walihitimu.

Swali ninalotaka tulitazame ni hili: gari likishafika na mgonjwa akashushwa, daktari anajuaje kwamba tendo analolifanya kwa haraka ndilo linaloponya? Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini utafiti hufanywa hata katika chumba cha dharura, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Somo kutoka Kilifi hadi Mbale

Mfano bora tunao hapa hapa Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi, madaktari duniani waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri, mikono na miguu yake ikiwa ya baridi, anapaswa kutiliwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Imani hiyo ilitokana zaidi na mazoea ya hospitali za nchi tajiri, zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Lakini haikuwa imepimwa ipasavyo katika hospitali zetu, ambako malaria na upungufu wa damu ni mambo ya kila siku.

Kati ya mwaka 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, waliipima. Utafiti huo, unaojulikana kwa jina la FEAST, ulifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji mengi kwa haraka: moja maji ya chumvi, jingine maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. Kundi la tatu lilipewa maji polepole, kwa kiasi cha kawaida tu. Makundi yote yalipata dawa na huduma nyingine zilezile.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika saa 48 za kwanza, walifariki watoto 10 hadi 11 kwa kila 100 waliopewa maji kwa haraka, na 7 kwa kila 100 waliopewa polepole. Kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ilishauri kazi isimamishwe kabla ya idadi iliyokusudiwa kutimia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoshauri tahadhari zaidi katika kuwapa maji watoto wa namna hiyo. Ifahamike hata hivyo kwamba watoto wenye kuhara na wale wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa katika utafiti huo. Mtoto aliyekauka maji kwa kuhara bado anayahitaji sana.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, kisha wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Daktari wa dharura anaishi kati ya methali hizo mbili. Pasipo utafiti, hana njia ya kujua ipi inamfaa mgonjwa aliye mbele yake.

Ridhaa, ruhusa au idhini?

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kwa kawaida hakuna anayeingizwa katika utafiti bila kuelezwa na kukubali. Lakini mama aliyefika na mtoto asiyejitambua hawezi kusomewa kurasa nne. Katika FEAST, pale ambapo muda haukuruhusu, mzazi alipewa maelezo mafupi kwa mdomo na kuulizwa kama anakubali au anakataa. Maelezo kamili na sahihi vilifuata mtoto alipopata nafuu kidogo. Kwa hiyo mzigo wote uliwekwa juu ya sentensi chache.

Tuzipime basi sentensi hizo. Mwanafunzi wetu anayefikiri kwa Kinyarwanda atakumbuka uruhushya na kuandika "ruhusa". Lakini ruhusa kwa kawaida huombwa na mdogo kwa mkubwa, na idhini hutolewa na mwenye mamlaka. Mama yule hajioni kuwa mkubwa mbele ya koti jeupe. Neno linalofaa ni ridhaa, kwa kuwa linatoka katika kuridhika kwa moyo, na asiyeridhika anaweza kusema hapana.

Vilevile neno "majaribio" huwatia watu hofu ya kugeuzwa panya wa maabara, na "bahati nasibu" huleta picha ya mchezo wa fedha. Ni afadhali kusema: "Kuna njia mbili za kumtibu mtoto. Hatujui ipi ni bora. Kura ndiyo itakayoamua atapata ipi. Ukikataa, atatibiwa vilevile." Hata neno "dharura" lina mtego wake, maana mtu aliyekosa kikao naye husema amepata dharura. Mgonjwa ambaye Wanyarwanda humwita indembe, sisi tumwite mahututi.

Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, na Kigali hupokea wageni kutoka Bukavu, Goma na kwingineko ambao huenda wasielewe Kinyarwanda wala Kifaransa. Siku moja mmoja wa wahitimu wetu ataombwa kutafsiri fomu ya ridhaa. Namshauri asitosheke na kamusi. Amsomee kwa sauti mtu asiyewahi kuingia darasani, kisha amwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Akishindwa kurudia, kosa ni la mfasiri, na fomu irudi mezani kabla haijafika kwa mama mwenye mtoto mgonjwa mikononi.