Wapiga Picha wa Usiku Huko Nyeri

Giza linapoingia Nyeri, ndege wa bustanini hunyamaza na wakazi wengine wa bustani huamka. Perere hulia mitini kwa sauti ya kukwaruza, hata mgeni akadhani ni mnyama wa kutisha, kumbe si mkubwa kuliko sungura. Kanu hushuka ukutani kimya, na nungunungu huingia katika viazi. Wako watu walioishi karibu na wanyama hawa miaka mingi wasiwaone hata mara moja.

Kumpiga picha ndege ni kazi nyepesi zaidi, maadamu mtu ana subira. Chozi hurudi kwenye maua yale yale, basi mwenye akili huielekeza kamera kwenye ua akangoja, wala hamfukuzi ndege. Kulukulu wa msituni ni kijani kama majani, haonekani mpaka aruke, ndipo mabawa yake yanapong'aa wekundu. Wekundu huo, ajabu, una madini ya shaba ndani yake. Lakini kiota kisisogelewe, kwa kuwa mama aweza kuyaacha mayai.

Usiku ni shughuli nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama wa Afrika ya Mashariki gizani kwa kuwasha unga wa magnesi, uliolipuka kwa mwanga mkali. Huko Nyeri ilifuatwa njia ya upole. Mwaka 1932 ilijengwa Treetops, nyumba juu ya mti wa mugumo karibu na maji na chumvi, ili wanyama waje wenyewe. Binti Mfalme Elizabeth alikuwa humo mwezi Februari 1952, akipiga picha za sinema za ndovu, na usiku huo huo baba yake akafariki Uingereza. Nyumba hiyo ilichomwa moto mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa nyingine mwaka 1957.

Siku hizi mtu aweza kulala kitandani mwake na picha zikapigwa. Kamera hufungwa mtini, nayo hujifyatua yenyewe inapohisi joto la mwili unaopita. Mwenye kuku aliyekuwa akimlaumu chui huona asubuhi kwamba mwizi ni kanu mdogo mwenye madoadoa, na dawa yake ni mlango imara tu.

Faida kubwa zaidi iko msituni. Bongo wa milimani, mnyama mwekundu mwenye mistari myeupe, hapatikani porini ila nchini Kenya, naye anakadiriwa kuwa hazidi 100. Katika miaka ya 1970 wageni wa hoteli ya The Ark, katika msitu wa Aberdare, waliwaona wakija kulamba chumvi, baadaye wakaadimika. Sasa askari wa wanyama waweza kutembea siku nyingi wakaona nyayo na mavi tu. Kwa hiyo wanaochunguza picha za kamera hupitia nyati, fisi na matawi yaliyotikiswa na upepo, wakitafuta mistari ile ubavuni. Kila bongo ana mistari yake, na picha moja iliyo wazi huwaambia kama ni yule wa mwaka uliopita au ni mwingine.