Sitaki, Sijaamua, Ningekubali: Lugha ya Kumkataa Mwandamaji

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa uchungu kuliko kwa nadharia, yaani namna ya kumkataa mtu anayeng'ang'ania mapenzi ambayo hakupewa. Aghalabu suala hili huachiwa washauri nasaha na polisi. Mimi naliona kuwa ni suala la wanaisimu na wanafasihi pia, kwa kuwa mara nyingi mgogoro wenyewe huanzia kwenye kitenzi.

Mazingira ninayoyatolea mfano ni ya mtaa wa Mbotela, Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo na jirani na Makongeni. Mtaa huo una jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952. (Jina hilo la Mbotela humkumbusha msikilizaji wa redio marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye tangu mwaka 1966 aliwauliza Wakenya "Je, Huu ni Ungwana?" Swali hilo linatufaa hapa.) Katika mitaa ya aina hii ya Eastlands milango hutazamana, na anayekutaka huenda akawa ndiye jirani unayekutana naye dukani asubuhi na kituoni jioni. Ushauri wa "mwepuke tu" hauna maana kwa mtu asiye na njia nyingine ya kurudi nyumbani.

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kutenga hatua za jambo hili. Kuna kuposa, ambako kuna adabu na wazee. Kuna kutongoza, ambako vijana wa Eastlands katika Sheng hukuita kukatia. Halafu kuna kuandama. Mwezi ukiandama watu hufurahi, lakini mtu akisema ameandamwa, msikilizaji hujua papo hapo kuwa ana taabu. Tofauti kati ya kutongoza na kuandama haiko katika ukali wa maneno ya mwanamume (au mwanamke, maana wapo). Iko katika jibu. Kabla ya jibu mtu anatongoza; baada ya kukataliwa, akiendelea, anaandama.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Msichana aliyelelewa kwa heshima hufundishwa kutomvunjia mtu uso, hivyo hujibu, "Sijaamua," au "Bado sijawa tayari." Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuwa kiambishi -ja- katika ukanushi huonyesha tendo ambalo halijatukia hadi sasa, lakini bado linaweza kutukia. Msemaji anadhani amekataa kwa upole. Msikilizaji amepewa miadi. Lililo baya zaidi ni -nge-. "Ningekubali, lakini nina mchumba." Sentensi hiyo inamwambia mwandamaji kwamba kizuizi ni mchumba, si hiari ya msemaji, na kwamba kizuizi kikiondoka mlango utafunguka. Atauliza habari za mchumba huyo kila wiki. "Niko na masomo" nayo humfanya ahesabu miezi hadi mahafali.

Kinachobaki ni wakati uliopo wenye kukanusha: "Sitaki. Usiniulize tena." Husikika kuwa jeuri, nami sioni ajabu, kwani utamaduni wetu wa mazungumzo umejengwa juu ya kuzunguka. Tunasema akufukuzaye hakwambii toka. Methali hiyo inamtegemea msikilizaji muungwana anayeweza kusoma ishara. Mwandamaji husoma ishara zile zinazompendeza tu, na methali zake mwenyewe anazo: mvumilivu hula mbivu, bandu bandu huisha gogo. Ukimwuliza gogo, sidhani kama atausifu uvumilivu wa shoka.

Fasihi nayo haikutusaidia sana. Majununi wa hekaya ya Laila, ambaye jina lake katika Kiswahili limekuja kuwa na maana ya mwendawazimu, hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha kupenda bila kuchoka. Wanaomtaja husahau kwamba katika hekaya hiyo Laila alimpenda pia. Waliokataa ni jamaa zake.

Zamani posa ilipitia kwa mshenga, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Sisemi kuwa utaratibu huo ulikuwa wa haki, kwani mara nyingi sauti ya binti mwenyewe haikusikika humo. Lakini kukataliwa kulikuwa na mlango wake rasmi, na aliyekataliwa alikuwa na wazee wa kumzuia. Mtaani leo mshenga amegeuka jirani anayesema, "Mhurumie kijana wa watu."

Huruma hiyo ina gharama. Tarehe 9 Aprili 2019 Ivy Wangechi, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, aliuawa Eldoret na mwanamume aliyemfahamu, ambaye mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji. Katika gumzo lililofuata wengi waliuliza alikuwa ametumiwa pesa ngapi. Nauli na zawadi ziligeuzwa deni, na deni likageuzwa hoja ya kumtetea muuaji. Ndiyo maana pesa za M-Pesa usizoziomba ni afadhali zirudishwe siku hiyo hiyo, kwa simu, pasipo kukutana.

Sheria za Kenya zinalitambua tatizo hili nusunusu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inapozungumzia unyanyasaji wa kingono humlenga mwenye mamlaka au afisa wa umma. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inataja kuandama waziwazi na inaruhusu amri ya mahakama ya kumlinda mlalamishi, lakini inadai pawepo uhusiano wa kifamilia, wa uchumba au wa karibu. Jirani uliyemkataa tangu siku ya kwanza anapenya katikati. Hubaki kifungu cha 238 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu vitisho na, akitumia simu au intaneti, kifungu cha 27 cha sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018.

Vifungu hivyo vyote huhitaji ushahidi. Kataa kwa maandishi mara moja, kisha usijibu tena, hata kwa matusi, kwa maana jibu la arubaini humfundisha kwamba ujumbe arubaini ndiyo bei ya kusikilizwa. Usiufute ujumbe wake. Andika tarehe na mahali alipokungoja. Waambie watu wawili au watatu wa plotini, hasa yule mwenye mazoea ya kumwonyesha mgeni mlango wako. Akitisha, piga ripoti kituoni na usiondoke bila nambari ya OB, hata kama afisa atacheka na kuyaita mambo ya wapenzi. Akiyaita hivyo, mjibu kwa kitenzi kile kile kisicho na -ja- wala -nge-. Simu ya 1195 ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia hupigwa bila malipo.